Kabla Hujachagua Wimbo: Muziki Katika Igizo la Wakimbizi



Vijana wenzangu, Kanisa limeadhimisha Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi tangu mwaka 1914, na miaka hii kwa kawaida huangukia Jumapili ya mwisho ya Septemba. Ikikaribia, vijana wa parokia nyingi huandaa igizo. Kwenye kikao swali huja mapema: "Tuweke nyimbo gani?" Leo tujifunze kulijibu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya mkoani Kigoma. Huko habari za wakimbizi si za kusikia redioni tu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita katika nchi iliyoitwa Zaire, na mwaka 2015 ikapokea maelfu ya Warundi. Basi tukatunga igizo la familia inayovuka Ziwa Tanganyika usiku, na mimi nikajipa kazi ya muziki. Nikaweka kinanda cha huzuni mwanzo mwisho, ngoma za kasi wakati wa kuvuka, na milio ya bunduki kwenye spika. Mazoezini vijana wawili wakalia. Nikasema moyoni, "Hapo sasa!"

Mazoezi ya mwisho yalihudhuriwa na mama mmoja mzaliwa wa Kongo, aliyeolewa pale pale parokiani. Bunduki zilipolia kwenye spika, aliinuka akatoka nje. Nikamfuata.

"Shikamoo, mama. Tumekukwaza?"

"Marahaba, Frateri. Hamjanikwaza, mmenirudisha." Akanyamaza kidogo. "Lakini usiku ule hakukuwa na muziki. Mama alimziba mdogo wangu mdomo asilie. Tulisikia makafi tu majini. Halafu, mbona kila mkituigiza sisi ni kulia tu? Kwani kambini hatukuoza mabinti?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimkumbuka Mtakatifu Augustino, niliyekuwa nimemsoma kwenye falsafa kwa ajili ya mtihani tu. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo anakumbuka alivyopenda maigizo ya huzuni alipokuwa mwanafunzi kule Karthago. Anajishangaa: mtazamaji haitwi kumsaidia anayeteseka, anaalikwa ahuzunike tu, na akihuzunika vizuri anaondoka ameridhika. Yaani machozi yenyewe yanageuka starehe. Ndicho nilichokuwa nakifanya na kinanda changu. Nilitaka watu walie, wala sikujiuliza wakishalia iwe nini.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua wimbo, kaeni kikundi kizima mjiulize maswali manne.

Kwanza, hapa panahitaji muziki kweli? Soma Mt 2:13-15. Yosefu anaondoka usiku na Mtoto na mama yake kwenda Misri, na Mathayo hatuandikii hata neno moja lililotoka kinywani mwa Yosefu. Anayekimbia hujificha, na anayejificha hapigi kelele. Kimya nacho ni sehemu ya muziki, msikiogope.

Pili, wimbo huu ni wa nani, na wenyewe wanasemaje? Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, ni ngoma za heshima na sherehe. Ukizipiga ili kuashiria hatari tu, unakuwa umezipindua maana. Kama jirani yako ni Mrundi au Mkongo, muulize kabla hujatafuta mtandaoni.

Tatu, kuna atakayeumizwa? Mlio wa bunduki kwako ni mbwembwe za jukwaa. Kwa aliyeusikia kweli ni jambo jingine kabisa. Hadithi ikieleweka bila huo mlio, uondoe.

Nne, mtu mzima yupo? Mkimbizi analia, ndiyo. Pia anabembeleza mtoto, anatania, anaimba kwenye foleni ya maji, anacheza harusini. Igizo lenye huzuni peke yake linamfanya mtu awe mkasa tu.

Tafakari pia Zaburi ya 137. Mateka kule Babeli wametundika vinubi vyao mitini, na waliowateka wanawataka waimbe nyimbo za Sayuni ili wao wachangamke. Jamani, tusije tukawa kama hao, tukamdai mgeni wimbo wake huku yeye mwenyewe hatumtaki.

Basi tulibadilisha. Kwenye kuvuka ziwa tulizima kila kitu, kijana mmoja akakoroga maji kwa kafi ndani ya karai, karibu na maikrofoni. Bunduki tukaziondoa. Mwishoni tukaweka harusi ya kambini, na yule mama akatufundisha wimbo wa kwao kwa Kibembe. Akauongoza mwenyewe.

Siku ya onyesho sikuona watu wakilia kama nilivyokuwa nimepanga. Nilichoona ni hiki: igizo lilipokwisha, wanajumuiya wake walimzunguka wakamwuliza kwao ni wapi hasa, na mdogo wake yuko wapi sasa. Walikuwa wamesali naye rozari miaka mingi bila kumwuliza.

Kazi ya wiki hii: mtafute mtu mmoja aliyekuja kwenu kutoka mbali. Mwombe akusimulie, na kama yuko tayari, akuimbie. Usirekodi. Sikiliza tu.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyekimbizwa ungali mtoto mchanga, tufundishe kunyamaza pale wenzetu waliponyamaza, na kuimba pamoja nao wanapoimba. Amina.