Funga Kitabu, Kisha Ujiulize

Kila mwaka, mtihani unapokaribia, wanafunzi wengi hukesha na vitabu vyao hata usiku wa manane. Husoma ukurasa ule ule mara tano, hupiga mistari kwa wino mwekundu, kisha hulala wakiamini ya kuwa wamejua. Lakini waingiapo katika chumba cha mtihani, yote huwapotea. Mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo husema mtoto ni mvivu. Mara nyingi sivyo. Mtoto amefanya kazi nyingi, ila hakuifanya kwa njia ifaayo.

Sababu ni hii: kulitambua jambo ulionapo kitabuni ni kitu kimoja, na kulitoa kichwani kitabu kikiwa kimefungwa ni kitu kingine. Mtihani hutaka hili la pili.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe, alieleza ya kwamba tuliyojifunza hupotea upesi sana katika saa za kwanza, kisha kusahau hupunguza mwendo. Na mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi waisome. Baadhi waliisoma tena; wengine waliiweka kando wakaandika waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walishinda. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka sehemu 56 katika 100, na wenzao 42 tu.

Basi, ewe mwanafunzi, fanya hivi. Soma sehemu ndogo kwa makini, ufunge kitabu, uandike uliyoyashika. Mathalani, ukiisha kusoma habari za moyo, uchore bila kutazama, ukitaja vyumba vyake vinne na njia ipitayo damu. Kisha fungua kitabu ujisahihishe. Yale uliyoyakosa ndiyo ya kusoma tena. Kesho yake jiulize mara ya pili, na baada ya siku chache mara ya tatu, na juma lifuatalo mara ya nne. Ukikosa karatasi, andika mchangani. Wala usijinyime usingizi, kwa maana akili huimarisha yaliyojifunzwa wakati mtu amelala.

Mwanzoni njia hii itakuchosha, nawe utajiona mjinga kwa kukosa mengi. Usivunjike moyo. Ni heri kukosa nyumbani, ambapo kosa hurekebishwa, kuliko kukosa mbele ya msimamizi.

Nanyi wazazi, hata msiojua kusoma, mwaweza kusaidia. Jioni mwambie mwanao, "Hebu nieleze uliyojifunza leo." Akieleza vema, ameshika, akikwama, amejua mahali pa kurudia. Anzeni mapema, wala msingoje juma la mtihani. Haba na haba hujaza kibaba.