Usilidondoshe Neno "Ikiwa": Fundisho kwa Wanaosubiri Sehemu Inayofuata



Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Yn 21:20–23. Ni aya nne tu. Fundisho la leo limo katika ile aya ya mwisho, kwenye neno moja dogo ambalo watu walilidondosha njiani.

Mikeka ya baada ya mazoezi

Ukikaa na vijana wetu hapa Buguruni baada ya mazoezi ya kwaya, haipiti robo saa kabla Solo Leveling haijaingia kwenye maongezi. Mwenye bando ameshafungua sehemu mpya, wenzake wamemzunguka, vichwa sita kwenye kioo kimoja cha simu. Picha ya mwisho ikiisha, hapo ndipo maneno yanapoanza. Yule aliyetokea gizani ni nani? Mbona mchoraji kaonyesha mkono tu, uso kauficha? Kila mmoja anakuja na mkeka wake na anautetea kama wakili mahakamani.

Kwa wasioijua, ni hadithi ya kufikirika kutoka Korea Kusini. Milango ya ajabu inafunguka duniani, mazimwi yanatoka, na wapo watu wenye nguvu za pekee wanaoitwa wawindaji. Sung Jinwoo ni mwindaji dhaifu kuliko wote, halafu siku moja anapata uwezo wa kupanda ngazi ambao wenzake hawana. Mwandishi wake anajulikana kwa jina la Chugong. Katuni ilianza kutoka mtandaoni mwaka 2018 na kufika sehemu 179 mwishoni mwa 2021. Mwaka 2024 ukaanza mwendelezo, Solo Leveling: Ragnarok, unaomfuata Sung Suho, mtoto wa Jinwoo.

Wazazi wanaotushangaa nao walikuwa hivyo hivyo. Waulize habari za Sani, jarida la akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Waulize hadithi za Eric Shigongo zilizokuwa zikitoka kipande kwa kipande magazetini, zikikatwa pale pale moyo unapodunda. Neno "itaendelea" limewanyima watu usingizi tangu kabla simu janja hazijafika mjini.

Anayebashiri vizuri

Wapo wanaosema kijana Mkatoliki hafai kukaa anabishana juu ya watu ambao hawapo. Mimi sioni hivyo. Nimewasikiliza wanaobashiri vizuri, na kuna kitu wanatufundisha. Hawakimbilii mbele tu, wanarudi nyuma. "Ngoja kwanza, fungua ile sehemu ya mwanzo, soma tena alichosema." Wanapima neno kwa neno. Na wanasema "ikiwa": ikiwa anayeongea hapa ni yule yule wa mwanzo, basi lile jambo lina maana nyingine. Sehemu mpya ikitoka na kuwaumbua, wanacheka, wanaanza upya. Hakuna aliyeumia.

Laiti tungeisoma Injili ya Dominika kwa jicho hilo! Wengi tunafika kanisani hata hatukumbuki wiki iliyopita ilisomwa nini.

Sasa ona jambo jingine. Riwaya ya Chugong, ambayo katuni imetokana nayo, ilikuwa imeshafika mwisho mwaka 2018, mwaka ule ule katuni ilipoanza kutoka. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka mitatu watu walikuwa wakibishana juu ya kitu kilichokwisha kuandikwa. Hakuna mkeka uliobadilisha hata herufi moja.

Hali yetu Wakristo inafanana na hiyo kwa upande mmoja tu. Mwisho tunaujua: Kristo alikufa, amefufuka, atakuja tena. Tunaukiri kila Misa. Lakini wewe si mchoro. Kurasa za katikati hazijafungwa kabatini zikusubiri. Unaziandika kila siku ukishirikiana na neema ya Mungu, au ukiikataa. Ndiyo maana Petro alipotaka kujua ukurasa wa mwenzake, Yesu hakumpa jibu. Alimpa kazi.

Kando ya ziwa la Tiberia

Turudi kwenye somo letu. Petro ametoka kuulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Amekabidhiwa kondoo awalishe. Amedokezwa hata atakufa kifo cha namna gani. Habari nzito kweli kweli. Halafu anafanya nini? Anageuka, anamwona yule mwanafunzi ambaye Yesu alimpenda, anauliza: na huyu je?

Namwelewa Petro. Ukishaonyeshwa msalaba wako, macho yanakimbilia kuangalia wa mwenzako una ukubwa gani. Mlimaliza kidato cha nne pamoja, yeye kapata kazi, wewe bado unazunguka na bahasha. Alikukuta kwenye kwaya, leo anatangaziwa ndoa. Na huyu je, Bwana?

Yesu anamjibu kwamba ikiwa Yeye anataka huyo abaki mpaka atakaporudi, hilo halimhusu Petro. Petro amfuate. Jibu limeishia hapo.

Lakini aya ya 23 inatuambia kilichotokea baadaye. Neno likaenea kati ya ndugu kwamba yule mwanafunzi hafi. Angalia vizuri ni nani walioeneza. Si maadui wa Kanisa, ni ndugu, watu wa jumuiya waliosali pamoja na kumega mkate pamoja. Wala hawakutunga kitu hewani. Walianza na maneno ya kweli ya Bwana. Kilichopungua ni neno moja tu, "ikiwa". Lilipodondoka hilo, wazo likageuka kuwa habari, na habari ikatembea.

Mwinjili anasahihishaje? Hagombi, wala hataji aliyeanzisha. Anarudi kwenye maneno yenyewe, anayapanga upya jinsi yalivyosemwa, na "ikiwa" analirudisha mahali pake. Mashabiki wazuri wa hadithi wanaijua njia hiyo: rudi kwenye ukurasa.

Mwenzako si hadithi ya kubashiri

Kwenye kwaya moja ninayoijua palikuwa na dada wa sauti ya pili ambaye ghafla hakuonekana mazoezini. Wiki ya kwanza watu wakasema labda anaumwa. Wiki ya pili, labda ana mimba. Wiki ya tatu "labda" haikuwepo tena. Neno likafika mpaka kwenye jumuiya yao, na mama mmoja akathubutu kumuuliza mama yake mjukuu ni wa nani.

Kumbe dada wa watu alikuwa anamuuguza bibi yake. Usiku kwenye benchi la hospitali, mchana anashika meza ya bibi sokoni ili hela ya dawa ipatikane. Ukweli ulijulikana kwa njia nyepesi kabisa: mlezi wa kwaya alimpigia simu akamuuliza, "Mwanangu, upo? Unahitaji nini?" Dada alirudi kuimba, lakini alichukua muda mrefu kabla ya kukaa tena katikati ya wenzake.

Waliomsema hawakuwa watu wabaya. Walifanya kile wanachofanya na Suho: wameona picha moja, nafasi tupu kwenye benchi la waimbaji, wakaijaza wenyewe. Ila Suho hana mama wa kulia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477 na 2478, inatuonya kuhusu hukumu za haraka juu ya jirani, na inatuelekeza kuyapokea maneno na matendo yake kwa nia njema kadiri inavyowezekana. Hii ni Amri ya Nane, siyo adabu tu ya mjini.

Hata nyuma ya katuni kuna mtu. Aliyeichora Solo Leveling mpaka ile sehemu ya 179 ni Jang Sung-rak, aliyetumia jina la DUBU. Alifariki Julai 2022 akiwa na umri wa miaka 37. Ukiona sehemu mpya imechelewa, kabla hujaandika matusi, kumbuka kuna mkono wa mtu unaochora, na mkono huo huchoka.

Wanaojua tarehe

Kubashiri kubaya kuliko kote ni pale mtu anapoliondoa "ikiwa" kwenye mpango wa Mungu. Jirani zetu wa Uganda wana kidonda cha jambo hili. Kule Kanungu kilikuwepo kikundi kilichojitenga, kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu, viongozi wake wakiwa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Wengi ndani yake walikuwa watu waliolelewa katika Kanisa letu. Walidai kutokewa na Bikira Maria, na walifundisha kwamba dunia inaisha mwaka 1999 ukifika tamati. Watu waliuza mali zao. Tarehe ikapita, jua likachomoza kama kawaida. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, watoto wakiwemo, waliteketea kwa moto katika jengo lao la sala.

Nalitaja hili kwa uchungu, na nalitaja kwa sababu bado sauti za aina hiyo zinatembea kwenye makundi yetu ya WhatsApp: siku za giza ni lini, nunua hiki, mtumie kila unayempenda. Kanisa linatufundisha (Katekisimu, namba 66 na 67) kwamba ufunuo umekamilika katika Kristo, na njozi za mtu binafsi, hata zikitambuliwa na Kanisa, haziji kuukamilisha. Mitume wenyewe waliuliza habari za majira, na Yesu akawaambia hilo si lao (Mdo 1:6–8). Akawapa Roho Mtakatifu na kazi ya kuwa mashahidi. Anayekuletea tarehe anakuuzia kitu ambacho hata Petro hakupewa.

Kipimo cha Mtakatifu Inyasi

Sasa utajuaje kama kubashiri kwako ni kuzuri au kumeanza kukula? Mtakatifu Inyasi wa Loyola atusaidie. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona, akalazwa nyumbani miezi mingi. Akaomba aletewe hadithi za mashujaa, zile za wapanda farasi na mapanga, maana alikuwa shabiki wao hasa. Ndani hazikuwemo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu.

Akawa anawaza kwa saa nyingi. Mara anajiona shujaa wa vita mbele ya bibi mkubwa fulani, mara anajiuliza ingekuwaje akifanya aliyofanya Fransisko au Dominiko. Yote mawili yalimfurahisha wakati akiyawaza. Tofauti aliigundua baadaye: mawazo ya kwanza yakiisha yalimwacha mkavu, haya ya pili yalimwacha na furaha inayobaki. Kutokana na kuonja huko ndipo alipoanza kujifunza kupambanua roho.

Basi onja na wewe. Baada ya saa mbili za mikeka, umebaki na nini? Ukibaki na kicheko, urafiki na hamu ya kusoma zaidi, mshukuru Mungu. Ukibaki na hasira, wivu, au umesahau mama kakutuma maji, kuna kitu hakipo sawa.

Na onja pia swali lililo nyuma ya swali. Mwanzoni mwa Ragnarok, Suho yuko peke yake, baba hayupo. Vijana wetu wanabishana kama atarudi, na wakati mwingine nasikia kwenye sauti ya mtu kwamba haongelei katuni. Wengi huku tumelelewa na mama, au na bibi. Ukiona swali fulani linakukaba koo, usiliache kijiweni. Lipeleke mbele ya Ekaristi. Yupo Baba ambaye habari zake hazihitaji kubashiriwa, kwa kuwa Mwana amekwisha kutuonyesha.

Zoezi la wiki

1. Kila utakapotaka kusema jambo la mtu mwingine ambalo hujamsikia akilisema, anza na "sijui". Mara nyingi utaona sentensi imeishia hapo.
2. Mtafute mwenzako mmoja aliyepotea mazoezini au jumuiyani. Usimuulize mtu habari zake, mpigie mwenyewe.
3. Ukipokea ujumbe wenye tarehe ya mwisho wa dunia, usiusambaze. Mwonyeshe katekista au paroko wako.
4. Soma Injili ya Dominika ijayo siku ya Alhamisi, mkiwa wawili au watatu. Ibishanieni kama mnavyobishania katuni: nani kasema, kamwambia nani, na kwa nini hapa?

Maswali ya kujadili

Kwa nini Petro aliuliza habari za mwenzake wakati ule hasa? Ni lini wewe umewahi kujaziwa ukurasa na watu wasiokuuliza? Ni jambo gani Yesu amekwisha kukuambia ulifanye, nawe bado umegeuka nyuma ukiangalia la mwingine?

Sala

Bwana Yesu, unajua tunavyopenda kujua kesho. Utupe uvumilivu kwa yale ambayo hujatufunulia, na utii kwa yale uliyokwisha kutuambia. Ulinde ulimi wetu usimdhuru mwenzetu. Uwapumzishe kwa amani waliokufa Kanungu, na wote waliodanganywa kwa jina lako. Na pale tunapogeuka kuuliza "na huyu je?", utuite tena kwa jina, tukufuate. Amina.