SOMO LA MWEZI: KUONJA NA KUKATAA

Masomo ya kusomwa kwanza: Kumbukumbu la Torati 18:4, Yohana 2:1–11, Mathayo 27:33–34, 1 Wakorintho 11:20–22.



Kila mwaka, mabibo yanapoanza kuanguka chini ya mikorosho, hapa kwetu Nanyamba huja siku ambayo haimo katika kalenda ya Kanisa, lakini watu huijua bila kukumbushwa. Ni siku ya uraka wa kwanza. Habari hupita kutoka kitongoji hadi kitongoji kwamba kwa mama fulani umeiva. Watu hukusanyika uani, mmoja hupewa kata aonje, na wengine humtazama uso wake.

Vijana wetu walioko mijini wametuletea habari za mkusanyiko unaofanana na huo. Dar es Salaam na Nairobi kuna viwanda vidogo vya bia, mbali na vile vikubwa tunavyovijua. Vinapopika bia mpya, na hasa bia nyeusi, huwaita watu siku maalum ya kuifungua. Wageni hupewa bilauri ndogo, hunusa, huonja, kisha huambiana ladha waliyoipata: hii yafanana na kahawa, hii na sukari iliyoungua. Kijana mmoja aliyealikwa alituuliza, "Je, Mkristo aweza kwenda?" Mzee aliyekuwa karibu akacheka, akamwambia, "Mjukuu wangu, swali hilo ungeuliza kabla hujapanda basi. Umezaliwa katikati ya uraka."

Mzee alisema kweli. Swali la mjini na swali la uani kwetu ni moja. Basi mwezi huu tujifunze pamoja juu ya kuonja.

1. RANGI SI UKALI

Kwanza tuondoe kosa linalowapoteza wengi. Watu hudhani bia nyeusi ni kali kwa sababu ni nyeusi. Sivyo. Bia hutengenezwa kwa kimea, yaani nafaka iliyolowekwa hadi ikachipua, kisha ikakaushwa. Mama zetu wanaopika pombe ya mtama au ya ulezi wanaijua kazi hiyo vizuri. Mpishi akikausha kimea polepole, bia huwa ya rangi ya majani makavu. Akichanganya nafaka iliyokaangwa mpaka ikawa kama buni iliyokaangwa, bia huwa nyeusi na yenye uchungu wa kahawa. Weusi, basi, watoka kwenye moto wa kukaangia. Ukali watoka kwenye sukari ambayo chachu imeigeuza kuwa kileo.

Mfano unaojulikana duniani ni Guinness, iliyoanzishwa na Arthur Guinness mjini Dublin mwaka 1759. Naye alikuwa mtu wa Kanisa la Ireland, ambalo ni ndugu wa Kanisa letu la Kianglikana. Guinness inayouzwa kutoka mapipani katika baa za kwao ina kileo cha asilimia 4 na kidogo. Aina nyingine ya Guinness hiyo hiyo, inayouzwa katika nchi za ng'ambo, hufika asilimia 7.5. Zote mbili ni nyeusi. Jicho peke yake haliwezi kuzitofautisha.

Sasa tutazame kinyume chake. Nipa, au gongo, ni nyeupe kama maji ya mvua, nayo ndiyo inayoua. Tufanye hesabu ndogo. Chupa ya nusu lita ya bia yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Pombe ya kukenekwa ikiwa na asilimia 40, mililita 60 tu, yaani kikombe kidogo cha kahawa, zina mililita 24. Anayemaliza vikombe vinne vya namna hiyo amemaliza karibu chupa nne za bia, na hata kiti hakijapata joto.

Tena kuna sumu. Wauzaji wasio na huruma huongeza humo spiriti ya viwandani iitwayo methanoli. Hiyo haina rangi, na ulimi hauwezi kuitambua kwa hakika. Huharibu macho na huua. Mwezi wa Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu hiyo, na wengine wakapofuka. Kwa hiyo sheria inayokataza kukeneka pombe nyumbani bila leseni tusiione kuwa ni uonevu wa serikali.

2. WAONJAJI WAWILI KATIKA INJILI

Fungueni Yohana sura ya pili. Harusini Kana kulikuwa na mitungi sita ya mawe, iliyojaa hadi juu. Mkuu wa meza alionja, akasifu. Lakini Yohana ameongeza neno ambalo mara nyingi tunalipita mbio: yule aliyeonja hakujua divai ile imetoka wapi, bali watumishi walioteka maji walijua. Mkuu wa meza alijua utamu tu. Watumishi waliochoka kwa kubeba maji ndio walioijua neema.

Hapa pana fundisho kwa kila anayeshika kata au bilauri. Ukionja bila kujua kitu kimetoka wapi, umepata nusu ya zawadi. Uraka umetoka katika mkorosho ambao Mungu ameuotesha, mti ambao Wareno waliuleta kutoka Brazili karne ya 16, nao ukapenda udongo wetu. Umetoka katika mikono ya mama aliyeamka alfajiri kuokota mabibo, akayaponda na kuyakamua, akachota na maji, maji ambayo huku kwenye uwanda wa Makonde hayapatikani bila jasho. Anayejua hayo hushika kata kwa heshima.

Sasa fungueni Mathayo 27. Hapo yuko mwonjaji wa pili, naye ni Bwana wetu mwenyewe. Walipofika Golgotha, askari walimpa divai iliyochanganywa na kitu kichungu. Mathayo asema kwamba alionja, kisha hakutaka kunywa. Alikuwa na kiu, alikuwa amepigwa, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kunywa. Lakini alionja, akapima, akakataa.

Basi ndugu, katika Injili tunawaona waonjaji wawili: mmoja aliyeonja akasifu, na mmoja aliyeonja akakataa. Kuonja maana yake ni kupima, na anayepima lazima awe na uhuru wa kusema "hapana". Asiyeweza kukataa baada ya kuonja hakuonja. Ameanza kunywa tu. Hilo ndilo jibu letu kwa kijana aliyetuuliza. Kabla ya kuuliza kama Mkristo aweza kwenda, ajiulize: "Nikifika pale, ninaweza kuweka bilauri mezani na kuondoka?"

3. WATAWA WALIOPIKIA KWARESIMA

Mkusanyiko wa kufungua bia mpya si jambo geni katika historia ya Kanisa. Katika karne ya 17, mjini Munich nchini Ujerumani, walikuwako watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola. Kanuni yao iliwakataza nyama, mayai na maziwa. Kwa hiyo, ili wapate nguvu wakati wa kufunga, walipika bia nzito yenye rangi iliyokoza, iwe kama mkate wa kunywa. Baadaye wakawa wanaifungua kwa heshima katika sikukuu ya mtakatifu wao, tarehe 2 Aprili, na mtawala wa nchi alipewa kikombe cha kwanza.

Mpaka leo, kila wakati wa Kwaresima, mji ule hufungua bia nzito kwa sherehe kubwa, pamoja na hotuba na vichekesho. Jina la watawa limebaki kwenye chupa. Lakini mtu aweza kuhudhuria sherehe nzima, akanywa na kucheka, bila kukumbuka kwamba kinywaji kile kilipikwa kwa ajili ya mfungo.

Tusiwacheke. Sisi nasi tunayo siku yetu ya uraka wa kwanza. Torati iliwaagiza Waisraeli kumtolea Mungu malimbuko ya nafaka, ya divai na ya mafuta. Je, ni nyumba ngapi miongoni mwetu ambamo msimu hufunguliwa kwa sala? Bibo la kwanza tunalikamua, kata ya kwanza tunaigombania, na shukrani tunaiacha mpaka Sikukuu ya Mavuno, wakati mfuko umekwisha kutoboka.

4. MJOMBA AKIKUITA

Wengine watasema, "Ninyi mnaandika tu, lakini mjomba akiniita nyumbani kwake siku ya uraka, nitamkataliaje?" Swali hilo ni la haki. Kwetu Wamakonde neno la mjomba ni zito, na kukataa kata yake ni kama kukataa udugu.

Katika jambo hili tunao mfano wa wazee wetu wa imani. Misheni ilipofika Masasi mwaka 1876 pamoja na Askofu Steere, ilikuta mila nyingi. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, hakuitupa jando yote, wala hakuikubali yote. Aliichambua kama mama anavyopepeta mchele: lililofaa likabaki na kubarikiwa, lisilofaa likaachwa.

Nasi tuchambue hivyo. Kuitika wito wa mjomba ni jema, nenda. Kumsalimu, kukaa naye na kupokea kata kwa mikono miwili ni jema. Kuonja na kumshukuru mama aliyepika si dhambi. Kubaki mpaka usiku, kuanza matusi, kulala njiani, kurudi na kumpiga mwenzi wako: hayo ndiyo makapi. Na ikiwa wewe ni mtu ambaye kata moja humwita ya pili na ya tatu, mwambie mjomba kwa unyenyekevu, "Mjomba, nimekuja kukuona wewe, pombe imenishinda." Mjomba mwenye akili atakuheshimu. Hali kadhalika mama mjamzito, mgonjwa anayetumia dawa, na dereva wa bodaboda: kwao jibu ni moja, wasionje.

Wala tusidanganyane kwamba kidogo ni dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na hatari kwa afya. Timotheo alishauriwa divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakushauriwa kufungua kilabu.

5. MAMA ANAYEPIKA

Hatutaki kuandika kama watu wasioyajua maisha. Fedha ya korosho hupitia chama cha ushirika, huja kwa msimu, na mara nyingi huingia mkononi mwa baba. Fedha ya uraka huja kila siku mkononi mwa mama, nayo hununua chumvi, sabuni na daftari. Tuchukue mfano wa mjane mwenye watoto watatu shuleni. Jumapili hutoa sadaka, nasi huipokea. Jumatatu tukimwita mwenye dhambi kwa sababu ya fedha ile ile, tumekuwa watu wa namna gani?

Kwake twasema maneno machache. Usimuuzie mtoto. Usimwongezee aliyekwisha kulewa. Usipokee fedha unayojua ni ada ya mtoto wa jirani. Usigeuze uraka kuwa nipa, hata kama faida ni kubwa zaidi. Pia ujue kuna njia nyingine: maji ya bibo yakikamuliwa na kunywewa siku ile ile ni matamu bila ulevi, nayo yana vitamini C kuliko chungwa. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimekuwa kikifundisha kutengeneza juisi na jamu kwa mabibo. Umoja wa Akina Mama wa parishi waweza kuomba mafunzo hayo. Hapo tutakuwa tumemsaidia mjane badala ya kumsengenya.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu mezani pa Bwana mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Tazameni nyumba zetu mwezi wa Novemba. Baba ameonja kwa majirani wanne. Watoto wamelala na uji. Hiyo ni Korintho yetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Watumishi wa Kana walijua nini ambacho mkuu wa meza hakukijua? Nasi tunajua nini juu ya watu wanaotupikia?
2. Kwa nini Bwana Yesu alionja kwanza kabla ya kukataa?
3. Tungewezaje kuufungua msimu wa mabibo kwa shukrani, kila nyumba na parishi nzima?
4. Ni nani kati ya jirani zetu ambaye pombe imemshinda? Tumemtembelea lini mara ya mwisho?

SALA

Ee Bwana, uliyeonja kikombe kichungu ukakataa, kisha ukakubali kukinywa kikombe cha mateso kwa ajili yetu, utufundishe kupima kabla ya kupokea. Bariki mikorosho yetu na mikono inayookota. Walinde watoto ambao wazazi wao hawajarudi nyumbani usiku huu. Uwape waliofungwa na ulevi nguvu ya kuweka kata chini, nasi utupe moyo wa kuwapokea. Amina.