Fizi Zinatoka Damu: Je, Vidonge Vinatosha?

Daktari wa meno anajibu maswali ya wasomaji wa Mji Mkongwe na kwengineko Unguja.

Dokta, nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Nilinunua amoksilini duka la dawa, damu ikakata, baada ya wiki chache ikarudi. Dawa ilikuwa mbovu?

Dawa huenda ilikuwa nzima. Bakteria wa fizi hujijengea utando unaonata kwenye jino, chini kabisa ya ufizi, na utando ukikaa hugeuka ugaga mgumu. Antibiotiki unayomeza hufika kwenye fizi kupitia damu, lakini haipenyi vizuri ndani ya utando ule. Uvimbe hushuka, nawe ukadhani umepona, kumbe chini mfupa unaoshika jino unaendelea kuliwa. Ugaga lazima ukwanguliwe kwa vyombo, mpaka kwenye mizizi. Hakuna kidonge kinachoifanya kazi hiyo, na kila dozi inayomezwa bure inawazoesha bakteria dawa ambayo kesho mtoto mwenye nimonia ataihitaji.

Basi mbona jirani yangu aliandikiwa na daktari?

Wapo wanaozihitaji. Mwaka 1962 daktari mmoja wa Uingereza, David Shinn, aliripoti kuwa mwanamke aliyepewa metronidazoli kwa maradhi mengine kabisa alipona pia vidonda vya fizi. Mwaka 1989 watafiti wa Uholanzi wakaonesha nguvu ya kuichanganya na amoksilini. Mpaka leo mchanganyiko huo ndio tunaoutumia zaidi, mara nyingi kwa siku 7, sambamba na kukwangua. Namfikiria kijana ambaye meno ya mbele na magego ya kwanza yanalegea upesi kuliko umri wake. Mwongozo wa wataalamu wa fizi wa Ulaya wa mwaka 2020 unasema wazi kuwa dawa hizi zisitolewe kwa kila mgonjwa.

Ukiandikiwa, mwambie daktari kama penisilini inakudhuru au unatumia warfarini.

Mama ana kisukari na hawezi kuacha tambuu. Fizi zake hazitoki damu, ila meno yanacheza.

Huyo ndiye ninayemuhofia zaidi. Mate mekundu ya tambuu huificha damu, na tumbaku, kama anaichanganya humo, huweza kupunguza kutoka damu hata fizi zikiwa zinaumwa. Mwambie ateme kwanza, asukutue, kisha apige mswaki na aangalie povu. Kisukari nacho: sukari ikiwa juu fizi haziponi, na fizi zikiwa na uvimbe sukari inakuwa nzito kushuka. Mpeleke akakwanguliwe, na apimwe sukari.

Msuaki na karafuu je?

Msuaki uliotafunwa ncha mpaka ukalainika unasafisha vizuri, ukifikisha na meno ya nyuma. Karafuu inatuliza maumivu tu.

Ramadhani nitamezaje dawa ya kila saa 8?

Usizikusanye zote wakati wa futari. Fizi huumwa polepole, kwa hiyo kwa wengi tunaweza kupanga dozi ianze baada ya Idi. Lakini ukivimba shavu au shingo, ukawa na homa, au kumeza kukawa shida, usingoje Idi wala asubuhi. Nenda Hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huohuo.