Kuchagua Runinga Bapa ya Chumba cha Kulala: Mwongozo kwa Mlaji wa Mbeya na Iringa

Somo hili linamhusu mlaji anayekusudia kununua runinga ya kuweka chumbani, ama kwa sababu sebule tayari ina runinga yake, ama kwa sababu chumba hicho kimoja ndicho nyumba yake yote, kama ilivyo kwa wapangaji wengi wa Mwanjelwa, Uyole, Kihesa na Ipogolo. Kwa kaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini, fedha ya kununulia runinga ni akiba ya msimu mzima wa viazi, mahindi, chai au biashara ndogo. Ikipotea kwa ununuzi usio sahihi, hairudi kwa urahisi.

Msimamo wetu katika somo hili ni mmoja: runinga inayomfaa mlaji si lazima iwe kubwa kuliko zote wala ghali kuliko zote. Ni ile inayolingana na chumba, umeme na mawimbi ya mahali anapoishi. Mambo hayo matatu hupimwa nyumbani, kabla ya kwenda dukani.

1. Pima chumba kwanza

Ukubwa wa runinga hutajwa kwa inchi, na hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala. Inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, na inchi 55 ni sentimita 140. Kwa matangazo ya kawaida tunashauri umbali kati ya macho na kioo uwe mara mbili hadi tatu ya kipimo hicho. Hivyo runinga ya inchi 32 hutazamwa vizuri kuanzia mita 1.6 hadi 2.4, ya inchi 43 kuanzia mita 2.2 hadi 3.3, na ya inchi 55 kuanzia mita 2.8 hadi 4.2.

Tuchukue mfano wa chumba cha mita 3 kwa mita 3. Mtu akiegemea kichwani mwa kitanda, macho yake huwa mbele ya ukuta kwa takriban sentimita 40. Runinga iliyotundikwa ukuta wa mkabala nayo hula sentimita 10. Umbali unaobaki ni mita 2.5. Hapo inchi 40 au 43 inatosha, na inchi 32 bado inaonekana vizuri. Inchi 55 ingekuwa karibu mno: matangazo yasiyo ya ubora wa juu yakitandazwa juu ya kioo kikubwa huonekana yenye ukungu, na mtazamaji hulazimika kugeuza shingo. Fedha iliyoongezwa kwa ajili ya ukubwa huwa imenunua usumbufu.

Anayelala ndani ya chandarua, hasa katika maeneo ya chini kama Kyela, ajue kwamba chandarua hupunguza mwanga na ukali wa picha. Afadhali kioo chenye mwanga mzuri kuliko kioo kipana.

2. Tazama kama mtu aliyelala

Sebuleni watu huketi mbele ya runinga. Chumbani hulala, hujigeuza ubavu, na wawili hutazama kutoka pande mbili tofauti za kitanda. Baadhi ya vioo hubadilika rangi vikitazamwa kwa upande au kutoka chini: weusi hugeuka kijivu na nyuso za watu hufifia. Kuna aina mbili kuu za vioo katika runinga za kawaida. Aina iitwayo IPS huhifadhi rangi vizuri inapotazamwa kwa upande. Aina iitwayo VA hutoa weusi ulioiva katika chumba chenye giza, lakini hudhoofika upande.

Wauzaji wengi hawaujui wala hawautaji ubora huu. Kwa hiyo mnunuzi aupime mwenyewe: runinga iwashwe, asimame kushoto, kisha kulia, kisha achuchumae mbele yake kana kwamba kichwa kiko juu ya mto. Asione haya kufanya hivyo mbele ya wateja wengine.

Aangalie pia kama kuna tundu la kuchomeka vipokea sauti vya masikioni, kwani katika nyumba za kupanga sauti hupenya hadi kwa jirani, na kama rimoti ina saa ya kuizima runinga yenyewe baada ya muda uliowekwa. Anayesinzia mapema atakishukuru kipengele hicho kila mwisho wa mwezi.

3. Maandishi ya kwenye boksi

Neno HD humaanisha kioo chenye nukta 1366 kwa 768, au karibu na hapo. Full HD ni 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Tahadhari ni hii: boksi likisema runinga «inapokea» 1080, si lazima kioo chenyewe kiwe na nukta hizo. Uliza idadi ya nukta za kioo, nayo iandikwe kwenye risiti. Kwa inchi 32 inayotazamwa kutoka mita 2, tofauti ya HD na Full HD ni ndogo. Kwa inchi 43, Full HD ina maana.

Runinga janja huungwa na intaneti. Saa moja ya filamu yenye ubora wa juu huweza kula hadi GB 3 za kifurushi. Mlaji asiye na intaneti ya uhakika nyumbani atakuwa amelipia uwezo asioutumia.

4. Mawimbi, antena na kingamuzi

Mitambo ya matangazo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mbeya ikafuata mwishoni mwa Aprili 2013. Tangu hapo runinga huhitaji kingamuzi, ama cha nje ama kilichojengwa ndani. Alama ya DVB-T2 huonyesha kwamba runinga inapokea matangazo ya dijitali kwa antena, na DVB-S2 kwa dishi. Alama ya DVB-T pekee ni ya kizazi kilichotangulia. Hata hivyo, kingamuzi cha ndani hakifungui chaneli za kulipia. Hizo bado zinahitaji kingamuzi au kadi ya kampuni inayozitoa.

Milima ya kwetu nayo ina neno lake. Jiji la Mbeya limekaa chini ya Loleza na safu ya milima ya Mbeya, na mji wa Iringa uko juu ya bonde la Ruaha Mdogo, wenye miinuko na mawe makubwa. Nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kutofautiana, moja ikipata picha safi na nyingine ikikatikakatika. Paa la bati nalo huzuia mawimbi, hivyo antena ndogo ya kuweka juu ya kabati chumbani mara nyingi haitoshi. Waulize majirani wanatumia nini na wameielekeza wapi, kisha uweke kwenye bajeti antena ya nje au dishi, pamoja na waya wa kufika chumbani.

Gharama nyingine husahaulika. Kaya yenye kingamuzi kimoja sebuleni ikivuta waya hadi runinga ya chumbani, runinga zote mbili zitaonyesha chaneli ileile. Anayetaka taarifa ya habari chumbani wakati watoto wanatazama katuni sebuleni atahitaji kingamuzi cha pili, na pengine malipo ya pili ya kila mwezi.

5. Umeme

Umeme wa TANESCO ni wa volti 230 na hezi 50. Nyuma ya runinga pawe na maandishi yanayoruhusu kiwango hicho, kwa mfano 100–240V, 50/60Hz. Runinga iliyoandikwa volti 110 au 120 pekee itaungua ikichomekwa moja kwa moja. Plagi iwe ya pini tatu bapa. Kulazimisha plagi ya pini mbili kwa kijiti ni hatari ya moto.

Wati pia zimeandikwa nyuma. Hesabu yake ni rahisi: zidisha wati kwa saa za siku, kisha kwa siku 30, na ugawanye kwa 1,000. Runinga ya wati 50 ikiwashwa saa 3 kila siku hutumia uniti 4.5 kwa mwezi. Ya wati 120 hutumia uniti 10.8. Kwa bei ya msingi ya shilingi 292 kwa uniti ya kundi la T1, iliyotangazwa na EWURA mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, ya kwanza ni shilingi 1,314 na ya pili ni takriban shilingi 3,154.

Kwa mteja wa matumizi madogo wa kundi la D1 hesabu ni ya hadhari zaidi. Katika bei hizo za 2016, uniti 75 za kwanza za mwezi zilikuwa shilingi 100 kila moja, na zilizozidi zilikuwa shilingi 350. Runinga ikiivusha kaya mpaka huo, uniti zake zilezile 4.5 hupanda kutoka shilingi 450 hadi 1,575. Wapangaji wanaochangia mita moja ya LUKU wakubaliane kwa wati zilizoandikwa badala ya kukisia. Hesabu hiyo huzuia ugomvi.

Vijijini Kilolo, Mufindi na Rungwe kaya nyingi hutumia umeme wa jua. Kwao ipo runinga ya volti 12 inayoungwa kwenye betri bila inveta. Lazima iandikwe hivyo nyuma yake. Neno la muuzaji peke yake halitoshi.

Mwisho, radi. Msimu wa mvua katika nyanda zetu huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kifaa cha kulinda runinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ni cha lazima, lakini hakizuii radi. Ngurumo zinapokaribia, chomoa waya wa umeme na pia waya wa antena au dishi, kwa kuwa radi huingia kwa njia zote mbili.

6. Dukani

Runinga ifunguliwe na kuwashwa mbele ya mnunuzi. Tazama kioo kikiwa cheusi chote, kisha cheupe chote, ukitafuta vidoti visivyobadilika, mistari na madoa. Jaribu kila tundu na kila kitufe cha rimoti. Linganisha namba ya aina na namba ya utambulisho zilizo kwenye boksi na zile za nyuma ya runinga: zisipofanana, usilipe. Jina la chapa lililokosewa herufi moja, skrubu zenye mikwaruzo au boksi lililogundishwa upya ni dalili za bidhaa bandia au iliyokarabatiwa na kuuzwa kama mpya.

Dhamana iandikwe: ni ya miezi mingapi, inahusu kioo au la, na nani anayetengeneza. Dhamana inayomtaka mlaji wa Iringa kuipeleka runinga Dar es Salaam kwa nauli yake ina thamani ndogo kuliko inavyoonekana.

7. Njiani na ukutani

Wapo wanaoagiza kutoka Kariakoo. Runinga hiyo itapanda Kitonga kabla ya kufika Iringa, na kupita Mafinga na Makambako kabla ya kufika Mbeya. Isafirishwe imesimama ndani ya boksi lake. Ikilazwa na kuwekewa mzigo juu, kioo hupasuka kwa ndani. Kubaliana na muuzaji kwa maandishi nani anabeba hasara ya njiani. Ikifika usiku wa baridi ya Juni au Julai, iache saa mbili ndani kabla ya kuiwasha, ili umande unaojikusanya kwenye chuma baridi ukauke.

Kuta za matofali ya kuchoma zenye plasta nyembamba hazishiki skrubu kama zege. Fundi atoboe ndani ya tofali lenyewe, si kwenye kiungo cha udongo, na atumie fisha zinazolingana na uzito. Ukuta wa tofali bichi usitundikwe kitu: tumia meza pana na nzito, na ufunge runinga kwa mkanda ili mtoto asiivute ikamwangukia. Isiwekwe karibu na jiko la mkaa. Na jiko hilo lenyewe lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwenye baridi, kwa kuwa hewa yake huua.

8. Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au upya wa bidhaa, na pia kuhusu haki na dhamana alizo nazo. Kwa hiyo tangazo la dukani lisemalo «bidhaa ikishauzwa hairudishwi» halimfungi mdomo mtu aliyeuziwa runinga mbovu au isiyolingana na maelezo. Lakini dai husimama juu ya ushahidi. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa chapa, namba ya aina na bei, na uitunze pamoja na boksi.

Kasoro ikijitokeza, acha kuitumia runinga, ipige picha, na urudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti. Usimruhusu fundi wa mtaani kuifungua, kwa sababu dhamana nyingi hufa hapo. Muuzaji akikataa, peleka malalamiko ya maandishi Tume ya Ushindani. Suala likiwa la viwango vya bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina ofisi ya kanda Mbeya. Likiwa la kingamuzi au huduma ya matangazo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, nayo ina ofisi ya kanda mjini humo.

Kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye karatasi:

1. Umbali kutoka mto hadi ukuta wa runinga, kwa mita.
2. Aina ya ukuta au meza itakayoibeba.
3. Majirani wanatumia antena au dishi, na kama utahitaji kingamuzi cha pili.
4. Wati ambazo kaya inaweza kuzimudu kwa mwezi.
5. Jumla ya fedha, ikiwa na runinga, antena, waya, kifaa cha kulinda umeme, kibebeo cha ukutani, fundi na usafiri.

Toa kwanza gharama hizo nyingine kwenye jumla hiyo. Kinachobaki ndicho kiasi halisi ulicho nacho cha kununulia runinga, na ndicho cha kumtajia muuzaji.