Njaa Inatoka Wapi?

Mama, ukileta mutoto kupima kilo, mara nyingi unatuambia: «Mutoto anakataa chakula, munipe dawa ya hamu.» Mama mwingine anauliza: «Mimi ninanenepa sana, hakuna sindano ya kupunguza njaa?» Na wengine wamekwisha kununua vidonge vya kunenepesha ku soko. Basi leo tujifunze njaa inatoka wapi, na namna gani wenye elimu waliipima.

1. MAFUTA YA MWILI YANATUMA MUJUMBE

Usifikiri njaa inatoka mu tumbo peke yake. Mafuta yaliyo chini ya ngozi yanatuma mujumbe mu damu. Jina lake ni leptini. Inafika mu ubongo na kusema: «Akiba inatosha, usile sana.» Mafuta yakipunguka, leptini inapunguka, na njaa inazidi.

Mu mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walivumbua jene ya leptini. Jene ni nini? Ni agizo lililo ndani ya mwili, linalouonyesha namna ya kutengeneza kitu fulani, sawa vile mama anavyoonyesha binti yake kupika sombe.

2. KIRUSI KINAFANYWA MUBEBAJI

Mu 1996 waganga wa Dallas, ku Marekani, walitaka kujua: mwili ukipata leptini kupita kawaida, itakuwa namna gani? Lakini agizo haliingie mu mwili lenyewe. Inaomba mubebaji.

Walikamata adenovirusi. Ni kirusi kinacholetea watoto mafua, kikohozi ao macho mekundu. Waliondoa sehemu inayokisaidia kuzaana, wakatia ndani agizo la leptini. Ni sawa kumunyanganya mwizi kisu chake na kumubebesha barua. Walikitia mu damu ya panya, na mwili wa panya ukaanza kutengeneza leptini mingi sana.

Panya wengine walipata maji ya chumvi tu. Wengine walipata kirusi chenye agizo lingine, lisilohusu njaa. Kwa nini? Ili wajue kama ni leptini iliyofanya kazi, ao ni sindano tu.

Kwa siku 28, panya wa leptini walipunguza chakula, karibu sehemu ya tatu mpaka nusu. Waliongeza gramu 22 tu. Wale wengine waliongeza gramu 115 mpaka 132. Mafuta ya mwili ya panya wa leptini yakaisha. Panya wengine tena walipewa chakula kidogo sawasawa na wale wa leptini, lakini walipoteza nusu ya mafuta tu. Basi leptini haipunguze njaa peke yake. Inasukuma mwili kuchoma mafuta pia.

3. JE, NI DAWA YETU?

Hapana, mama. Kwanza, wanene wengi wako na leptini mingi tayari, lakini ubongo hausikie. Ni kama kuita mutu aliyeziba masikio. Kuna watoto wachache sana wanaozaliwa bila leptini; njaa yao haiishe. Mu 1999 waganga wa Uingereza walionyesha kwamba mutoto mwanamuke wa miaka 9, aliyepewa leptini yenyewe kwa sindano, alipunguka kilo 16 kwa mwaka mumoja.

Pili, kirusi kingi mu damu ni hatari. Mu 1999, ku Philadelphia, kijana wa miaka 18 alikufa kisha kupewa adenovirusi mingi juu ya ugonjwa wa maini.

Lakini usichanganye jambo hili na chanjo. Chanjo ya Ebola iliyoanza kutolewa Goma mu Novemba 2019, sindano yake ya kwanza ilibebwa na adenovirusi ya namna nyingine. Ilikuwa kidogo, mu nyama ya mukono, na haiwezi kuzaana. Usiogope chanjo.

4. MAMA AFANYE NINI?

– Usinunue vidonge vya kunenepesha. Mara nyingi ni siproheptadini na deksametazoni. Ya kwanza inaleta usingizi. Ya pili inapandisha sukari ya damu na kupunguza nguvu ya mwili ya kushindana na magonjwa. Kama umekwisha kuimeza siku nyingi, usiache kwa rafla. Kuja kwanza kwa muganga.

– Mutoto akikataa chakula, tafuta sababu: malaria, minyoo, vidonda mu kinywa, kikohozi. Uendelee kumunyonyesha. Umupe kidogo kidogo, mara nyingi: uji wenye karanga za kusaga, maharagi, ndakala. Akikataa kunyonya, ao miguu ikivimba, umulete siku ile ile.

– Wewe unayenenepa, punguza mafuta na sukari, tembea kwa miguu, na ukuje tupime tansio na sukari.

MAULIZO

1. Ni nani anayeambia ubongo kwamba akiba inatosha?
2. Kwa nini panya wengine walipewa maji ya chumvi tu?
3. Jirani yako anauza vidonge vya kunenepesha. Utamwambia nini?