Pengo la Habari: Kubuni Shughuli za Mawasiliano katika Madarasa ya Kiswahili Machakos

Utangulizi

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili nchini Kenya. Katiba ya 2010 nayo ilikifanya kuwa lugha rasmi, juu ya hadhi yake ya lugha ya taifa. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kuorodhesha ngeli zote na kuainisha viambishi vya kitenzi, kisha akababaika anapotakiwa kumweleza daktari asiyejua Kikamba pale mgonjwa wake anapoumwa. Makala haya yanajadili jinsi mwalimu wa Kiswahili katika Kaunti ya Machakos anavyoweza kubuni shughuli za darasani zitakazoziba ufa huo.

Mazingira ya lugha Machakos

Kiswahili si lugha ya kigeni nchini Kenya. Kwa wanafunzi wengi ni lugha ya pili, ingawa mazingira ya mjifunzaji hutofautiana. Mavoko, penye viwanda na wakazi wa jamii mbalimbali, mtoto hukutana na Kiswahili mtaani kabla ya kukifunzwa shuleni. Katika vijiji vingi vya Mwala, Yatta na Masinga, Kikamba hutosheleza shughuli nyingi za nyumbani, sokoni na kanisani. Kwa mwanafunzi wa huko, darasa huenda likawa mahali pekee anapolazimika kuzungumza Kiswahili kwa muda mrefu. Muda huo ukitumiwa wote kunakili maelezo ubaoni, hana pengine pa kuufidia.

Misingi ya kinadharia

Dhana ya umilisi aliyoieleza Chomsky (1965) ilihusu ujuzi wa kanuni za sarufi. Hymes, katika insha yake iliyochapishwa mwaka 1972, aliipanua kwa kusisitiza kuwa mzungumzaji hujua pia lini aseme, lini anyamaze, aseme nini na nani, na kwa namna gani. Canale na Swain (1980) walibainisha umilisi wa kisarufi, wa kiisimujamii na wa kimkakati. Canale (1983) akaongeza umilisi wa kuunganisha tungo katika usemi mrefu.

Kutokana na mawazo haya, si kila mazungumzo ya darasani ni mawasiliano. Wanafunzi walioketi dawati moja kwa miaka mitatu wakiulizana, "Jina lako ni nani?" wanafanya zoezi la muundo wa sentensi tu. Hakuna anayetafuta habari. Shughuli huwa ya kimawasiliano pale mmoja anapokuwa na jambo asilolijua mwenzake, na mwenzake akawa analihitaji ili atimize kazi fulani. Hilo ndilo pengo la habari.

Tatizo la lugha ya kwanza ya pamoja

Hapa ndipo vitabu vingi vya mbinu vinapomwacha mwalimu wa Machakos. Katika darasa lenye wajifunzaji kutoka mataifa tofauti, lugha lengwa ndiyo njia pekee ya kuliziba pengo. Katika darasa ambalo takriban wote ni Wakamba, pengo lolote linaweza kuzibwa kwa Kikamba, tena haraka zaidi. Mwanafunzi anayefanya hivyo si mtundu. Anatumia njia fupi, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye busara.

Shule nyingi zilijaribu kulitatua tatizo hili kwa adhabu, mathalani kumvisha kibao shingoni anayenena lugha ya mama. Adhabu hufunza kunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kusema. Suluhisho bora limo katika ubunifu wa shughuli yenyewe: Kiswahili kiwe sehemu ya kazi inayotakiwa. Hili hupatikana kwa kuweka dhima ya mtu asiyejua Kikamba, kwa kudai zao la mwisho litakalotolewa kwa Kiswahili mbele ya hadhira, na kwa kuruhusu Kikamba katika dakika chache za kupanga tu.

Mfano: biashara ya maembe

Machakos hulima maembe kwa wingi, na wanafunzi wengi huijua biashara hiyo. Darasa ligawanywe katika vikundi vya watatu. Wa kwanza ni mkulima wa Mwala. Maelezo yake yanaonyesha idadi ya kreti za maembe aina ya apple na ngowe, siku yatakapokuwa tayari, na bei ya chini anayoweza kukubali. Wa pili ni mnunuzi kutoka Mombasa. Maelezo yake yanataja aina anayoitaka, bei ya juu aliyo nayo, na kwamba lori lake haliwezi kupita barabara ya matope. Hakuna anayeruhusiwa kusoma maelezo ya mwenzake. Wa tatu ni karani, ambaye husikiliza, huandika makubaliano, kisha huyasoma mbele ya darasa.

Shule isiyo na mashine ya kunakili haizuiwi na hilo. Wakulima wageuke na kuupa ubao mgongo huku mwalimu akiandika maelezo ya wanunuzi. Baada ya kuyanakili, ubao ufutwe na zamu ibadilishwe.

Shughuli hii huzaa lugha bila kuilazimisha. Masharti hujitokeza yenyewe: "Ukiongeza kreti kumi, nitapunguza bei." Adabu nayo hujitokeza. Mnunuzi kijana kutoka Pwani angemwamkia mkulima mzee kwa "Shikamoo", na "Naomba unipunguzie" ingefaa kuliko "Nataka upunguze". Huo ndio umilisi wa kiisimujamii, ambao jedwali la ngeli haliwezi kuufunza.

Suala la usahihi

Wapo wanaohofia kuwa mbinu hii huzaa wasemaji hodari wa Kiswahili kibovu. Hofu hiyo ina msingi. Swain (1985), akichunguza wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo kwa Kifaransa, alionyesha kuwa walielewa vizuri, lakini miaka ya kusikia lugha haikutosha kuwapa usahihi wa kuitumia. Walihitaji pia kusukumwa kuzalisha lugha iliyo sahihi.

Kwa hiyo, mwalimu asikatize mazungumzo. Azunguke akinukuu makosa bila kutaja wakosaji. Baada ya kazi, ayaandike ubaoni yajadiliwe. Akisikia "maembe hizi", huo ni wakati mwafaka wa kurejelea ngeli ya LI-YA. Akisikia "kagari" na "tugari", aeleze kuwa Kikamba hudunisha kwa ka- na tu-, ilhali Kiswahili sanifu hutumia ki- na vi-. Sarufi hupata mashiko inapojibu haja ambayo mwanafunzi ametoka kuihisi.

Mtihani na mtaala

Kikwazo kikubwa ni kuwa karatasi tatu za Kiswahili katika KCSE, yaani Insha, Lugha, na Fasihi, zote huandikwa. Mwalimu anayebanwa na muda huona mazungumzo kama anasa. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa mahojiano, hotuba, kumbukumbu na ripoti ni miongoni mwa insha za kiuamilifu. Makubaliano ya karani yanaweza kugeuzwa ripoti siku ya pili, na majadiliano ya bei yakawa mazungumzo ya kuandikwa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 umeipa stadi ya kusikiliza na kuzungumza nafasi yake, lakini nafasi hiyo itabaki karatasini iwapo walimu hawatafunzwa kuibunia kazi.

Hitimisho

Imebainika kuwa shughuli ya mawasiliano hutegemea haja ya kusema, na kwamba katika darasa lenye lugha ya kwanza moja, haja hiyo haina budi kufungamanishwa na Kiswahili tangu hatua ya kubuni. Mwalimu mwanagenzi anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, kabla ya kuandika andalio la somo, na ajiulize: nani darasani anajua jambo ambalo mwenzake halijui, na kwa nini alitafute kwa Kiswahili? Andalio lisilo na jibu la swali hilo lirudiwe.